Ufa Tuliouziba Mara Tatu

Kipande cha zege kilichoanguka kutoka chini ya kibaraza cha ghorofa ya tatu, asubuhi ya Jumapili moja ya Oktoba 2024, kilikuwa na upana wa sahani ya wali na unene wa vidole viwili. Kiliikata kamba ya kuanikia nguo, kikapasukia kwenye sakafu ya ua, hatua nne tu kutoka mahali ambapo watoto wa jirani yangu walikuwa wakichora kwa chaki. Niliteremka nikakiokota. Upande mmoja ulikuwa laini, wenye tabaka tatu za rangi juu ya tabaka tatu za lipu. Upande wa pili ulikuwa na mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia, ulionyooka kama uliopigwa rula, na nilipoinua macho niliiona nondo iliyouacha mfereji huo ikiwa wazi, imevimba na kumomonyoka kama mkate uliolowa chai.

Mimi ni katibu wa umoja wa wamiliki wa jengo letu, kazi niliyopewa kwa sababu nilichelewa kufika kwenye mkutano wa uchaguzi, na kwa hiyo majalada yote yako kwangu, chini ya kitanda. Jioni ile niliyafungua. Nilikuta stakabadhi tatu za mafundi watatu tofauti, za mwaka 2009, 2014 na 2020, na zote zilieleza kazi ile ile mahali pale pale: kuziba nyufa, kupiga lipu, kupaka rangi.

Kila Mswahili amelelewa na methali ya ufa na ukuta, nasi tulikuwa tumeitii kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba methali ile ilizaliwa katika nyumba za mawe na udongo, ambako ufa ndio ugonjwa wenyewe. Katika zege lenye nondo, ufa ni jasho la mgonjwa, na anayeupiga lipu anampangusa mgonjwa uso na kumwacha na homa yake. Zaidi ya hapo anamziba mdomo, kwa sababu ufa ulio wazi angalau unaonekana na kila apitaye, ilhali ufa uliopakwa rangi nzuri ya krimu humridhisha hata mpangaji mpya anayekuja kukagua nyumba kabla ya kulipa kodi.

Jengo lenyewe lina ghorofa tano na nyumba 20, lilijengwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970, na kutoka kwetu hadi baharini ni mwendo mfupi wa miguu, kiasi kwamba pepo zote mbili, kaskazi na kusi, hutufikia na chumvi yake. Wakazi wa pwani tunaijua chumvi hiyo kwa jinsi inavyokula bawaba za milango, migongo ya majokofu na viungo vya baiskeli. Wachache kati yetu tulikuwa tumewahi kuwaza kwamba inakula pia kitu kilichomo ndani ya nguzo.

Kwa mujibu wa sheria ya umiliki wa sehemu za jengo iliyotungwa Tanzania mwaka 2008, kila mwenye hati anamiliki nyumba yake, na vile visivyoweza kugawanywa, yaani paa, ngazi, nguzo, msingi na mabomba makuu, ni mali ya wote chini ya umoja wao. Kwenye karatasi jambo hili halina utata. Kwenye mkutano, wa ghorofa ya chini hawaoni kwa nini walipie paa ambalo halijawahi kuwavujia, wa juu wanauona msingi kuwa shauri la wa chini, na aliyepangisha nyumba yake akahamia kwingine anaona vyote viwili ni shauri la mpangaji. Mkutano wa kwanza kuhusu kile kipande cha zege ulihudhuriwa na wamiliki saba kati ya 20, nao wakaafikiana kwamba atafutwe fundi.

Fundi huyo angekuja, na leo ningekuwa na stakabadhi ya nne, kama si yaliyotokea tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo la ghorofa nne lilipoporomoka Kariakoo na kuwafukia wafanyabiashara na wateja wao. Watu wasiopungua 29 walifariki. Kwa siku kadhaa jiji zima lilifuatilia waokoaji wakizungumza na watu waliokuwa hai chini ya kifusi, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaunda kamati ya kuyakagua majengo ya eneo lile. Katika mkutano wetu uliofuata walikuja wamiliki 18, na mmoja wa wawili waliosalia alisikiliza kwa simu kutoka Muscat. Hoja ya kumwajiri mhandisi wa miundo kwa shilingi milioni nane, yaani laki nne kwa kila nyumba, ilipita, ingawa si bila upinzani. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye ameishi pale tangu jengo lilipofunguliwa, alisimama akaniambia: “Katibu, mwanangu, tunampa mtu milioni nane aje kutuambia jengo limezeeka? Mimi ningewaambia kwa soda moja.” Watu walicheka, nami nilicheka, maana alikuwa na haki yake, sote tulijua kwamba limezeeka, na hakuna aliyejua ni wapi.

Mhandisi alikuja mwezi Februari na vijana wawili. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya ngozi vilivyokwisha visigino, na jambo la kwanza aliloniomba halikuwa kumwonyesha ule ufa bali michoro ya jengo. Sikuwa nayo. Mwenyekiti hakuwa nayo, mwenyekiti aliyemtangulia hakuwa nayo, na mzee wa ghorofa ya chini alikumbuka kuiona mara moja, mwaka ambao hakuweza kuutaja. Mhandisi aliandika neno moja kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akasema twende juu.

“Ufa utanionyesha baadaye, mama. Mimi huanza na maji.”

Juu ya paa letu bapa kulikuwa na dimbwi lenye mwani wa kijani, mahali ambapo sakafu ilipaswa kuinama kidogo kuelekea kwenye bomba la kutolea maji lakini imelala kama meza. Kulikuwa pia na simtanki tatu za lita 5,000 kila moja, tulizozipandisha mwaka mmoja wa ukame kwa furaha kubwa. Aliniuliza kama zote hujazwa. Nikajibu kwa kujivuna kidogo kwamba hujazwa kila siku. Akaniambia kwa upole kwamba basi tumeweka tani kumi na tano juu ya kichwa cha mtu ambaye hatujui alizaliwa kubeba kiasi gani.

Ukaguzi wenyewe, kwa anayetarajia mitambo ya ajabu, ni kazi ya masikio. Kijana mmoja alipita na nyundo ndogo akigonga kila nguzo, kila boriti na kila sehemu ya chini ya vibaraza aliyoweza kuifikia kwa ngazi, kama mtu anayegonga fenesi kujua kama limeiva. Zege zima hutoa mlio mfupi na mkali. Zege lililoachana na nondo zake kwa ndani hutoa mlio wa debe. Baada ya saa moja hata mimi niliweza kutofautisha, na hapo usingizi wangu ukapungua, kwa sababu mlio wa debe haukuwa kwenye kile kibaraza peke yake. Kila uliposikika, kijana wa pili aliuzungushia mstari wa chaki nyekundu, na kufikia saa tisa alasiri ukuta wa upande wa bahari ulikuwa umejaa visiwa vya chaki, baadhi yake juu ya kuta zisizo na ufa hata mmoja.

Kisha wakavunja vipande vidogo kwenye nguzo nne na kupulizia mahali palipovunjwa dawa isiyo na rangi, fenoftalini, ile ile ambayo wanafunzi wa kemia wa sekondari huitumia kupima asidi na besi. Zege lenye afya lina ubesi mkali unaotokana na saruji, na dawa ikiligusa hugeuka waridi iliyokolea, karibu na zambarau. Zege ambalo hewa imelipenya kwa miaka mingi hupoteza ubesi huo, na dawa hubaki kama maji. Katika nguzo ya kwanza rangi ilichanua sentimita moja tu kutoka usoni, jambo lililomridhisha Mhandisi. Katika nguzo ya tatu, iliyo upande wa bahari, hapakuchanua chochote mpaka nyuma ya nondo.

Maana ya jambo hilo alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ngazi tukinywa chai. Chuma kilichozungukwa na ubesi wa saruji hujivika utando mwembamba unaokizuia kushika kutu, na kwa hiyo nondo iliyofunikwa vizuri inaweza kukaa miongo mingi ikiwa safi. Utando huo una maadui wawili: hewa ya ukaa, inayoingia taratibu na kuula ubesi, na chumvi, inayoutoboa utando hata pale ambapo ubesi haujaisha. Kutu likianza, huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma lilichokila, na kwa kuwa halina pa kwenda, hulisukuma zege mpaka lipasuke. Ufa tunaouona nje ni mwisho wa safari iliyoanza miaka mingi kabla. Ndiyo maana unene wa zege linaloifunika nondo ni jambo zito sana, na ndiyo maana vile vitofali vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyowekwa kuitenga nondo na mbao wakati wa kumwaga zege, si pambo. Chini ya kibaraza chetu biskuti hazikuwekwa kabisa, na nondo ilikuwa na kifuniko cha milimita kumi tu. Kibaraza kile kilikuwa mgonjwa tangu siku ya kuzaliwa.

Wakati nikiisubiri ripoti nilisoma kila nilichoweza kupata kuhusu Champlain Towers South, jengo la ghorofa 12 na nyumba 136 lililokuwa ufukweni mwa mji wa Surfside, jimbo la Florida, Marekani, ambalo takriban nusu yake iliporomoka baada ya saa saba ya usiku tarehe 24 Juni 2021 na kuua watu 98. Nilikuwa nimeziona picha zake mwaka ule kama kila mtu. Safari hii nilisoma kama katibu, na kilichonitisha ni mihutasari ya vikao.

Jengo lile lilikamilika mwaka 1981, na halikuanguka kwa kukosa kukaguliwa. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliandika kwamba tabaka la kuzuia maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika, kwamba lililazwa juu ya sakafu bapa na kwa hiyo maji hayaondoki, na kwamba slabu iliyo chini yake imepata madhara makubwa ya kimuundo. Nilipofika hapo nililikumbuka dimbwi letu lenye mwani. Makadirio ya kwanza ya matengenezo yalikuwa takriban dola milioni tisa, huku akiba ya umoja ikiwa chini ya dola milioni moja. Ofisa wa majengo wa mji aliwaambia wamiliki, mwezi mmoja tu baada ya ripoti, kwamba jengo lao liko katika hali nzuri. Mwaka 2019 wajumbe watano kati ya saba wa bodi walijiuzulu katikati ya mabishano. Kufikia Aprili 2021 gharama ilikuwa imepanda hadi dola milioni 15, na kila mwenye nyumba alitakiwa kulipa kuanzia dola elfu 80 hivi hadi zaidi ya laki tatu, kutegemea ukubwa wa nyumba. Matengenezo makubwa ya zege yalikuwa bado hayajaanza usiku ule wa Juni.

Kuna kejeli nyingine katika mkasa huo. Wilaya ya Miami-Dade ilikuwa na kanuni ya kukagua upya majengo yakifikisha miaka 40, kanuni iliyotokana na kuanguka kwa jengo la ofisi za serikali mjini Miami mwezi Agosti 1974, ambapo watu saba walikufa. Paa lake lilikuwa likitumika kuegeshea magari, na chumvi iliyomo katika zege ilikuwa imekula chuma. Champlain Towers South lilitimiza miaka 40 mwaka 2021. Lilianguka likiwa katika mwaka wake wa ukaguzi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kusema kwamba kutu peke yake ndiko kulikoliangusha, na hapa ndipo nilipolielewa lile neno ambalo Mhandisi alilipigia mstari. Wachunguzi wa taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia walipopitia michoro ya asili waligundua kwamba eneo la bwawa lilisanifiwa likiwa dhaifu sana kuliko kanuni za wakati ule zilivyotaka, na kwamba baadaye liliongezewa uzito wa vigae na vitalu vya mimea ambao haukuwamo katika mahesabu. Eneo hilo lilianguka kwanza, dakika chache kabla ya mnara wenyewe. Nyundo na dawa ya waridi huonyesha kilichooza. Haziwezi kuonyesha kwamba msanifu alikosea hesabu miaka 40 iliyopita. Singapore ililijua hilo kwa uchungu tarehe 15 Machi 1986, Hotel New World, jengo la ghorofa sita, lilipoporomoka chini ya dakika moja na kuua watu 33: uchunguzi ulionyesha kwamba aliyelisanifu aliuhesabu uzito wa watu na samani, akausahau uzito wa jengo lenyewe. Tangu hapo sheria ya huko huwalazimisha wamiliki kuyakagulisha majengo ya makazi kila miaka 10, na mengineyo kila miaka mitano.

Florida nayo ilitunga sheria yake Mei 2022. Majengo ya makazi ya ghorofa tatu au zaidi yanayomilikiwa kwa sehemu sharti yakaguliwe na mhandisi au msanifu majengo aliyesajiliwa yanapofikisha miaka 30, au 25 pale ambapo mamlaka za mtaa zinaona kuwa ukaribu na bahari unalazimu, kisha kila baada ya miaka 10. Ukaguzi wa kwanza ni wa macho, na ukigundua uchakavu mkubwa unafuatwa na wa pili wa vipimo. Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile inayohusu fedha. Zamani wamiliki wa Florida waliruhusiwa kupiga kura ya kutochangia akiba ya matengenezo, na wengi walifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu nani asiyependa ada ndogo? Sasa umoja lazima ukadirie kitaalamu ni lini paa, muundo na vizuia maji vitahitaji kazi kubwa, na uweke fedha hizo, bila kura ya kuzikwepa. Ada zikapaa, wastaafu wakalia, baadhi wakauza nyumba zao kwa bei ya kutupa, na mwaka 2025 wabunge wa jimbo wakalegeza baadhi ya masharti. Nawaonea huruma wastaafu hao, kwa sababu ninawajua wa kwetu, na bado naona kwamba sheria ile iligusa mahali penyewe. Mhandisi wa Surfside aliuona ubovu na akauandika. Kilichokosekana ni fedha iliyokwisha kuwekwa kabla ya mabishano kuanza.

Ripoti yetu ilikuwa na kurasa 31. Iligawa kasoro katika makundi matatu: za kushughulikiwa ndani ya wiki, ndani ya mwaka, na za kuangaliwa tu. Katika kundi la kwanza kulikuwa na vibaraza vitatu, ambavyo viegemezwe mirunda mara moja na visikanyagwe, pamoja na simtanki mbili ziteremshwe. Katika kundi la pili kulikuwa na nguzo mbili za upande wa bahari na paa lote, na makadirio yalikuwa shilingi milioni 170, yaani milioni nane na nusu kwa kila nyumba. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba, kwa kuwa michoro haipo, nondo za jengo zipimwe kwa mashine na michoro mipya ichorwe, ili uwezo wa jengo kubeba uzito uhesabiwe upya.

Sitaeleza yote yaliyosemwa katika mkutano wa kuijadili. Mtu mmoja alipendekeza atafutwe mhandisi mwingine mwenye maneno mazuri zaidi. Mwingine aliuliza kama ripoti inaweza kubaki baina yetu, kwa kuwa alikuwa na mnunuzi. Bibi wa ghorofa ya nne, mjane anayeishi kwa kodi ya chumba kimoja anachokipangisha, hakusema neno mpaka mwisho, kisha akauliza: “Mwanangu, milioni nane na nusu mimi nitazitoa wapi?” Swali hilo halikuwa na jibu katika kurasa 31. Tulichokubaliana, baada ya vikao vitatu, ni kwamba kazi ifanywe kwa awamu kwa miezi 24, vibaraza kwanza, halafu paa, halafu nguzo. Kwamba asiyeweza alipe kidogo kidogo na deni lake liandikwe dhidi ya nyumba. Na kwamba ada ya mwezi ipande maradufu, nusu yake iingie katika akaunti isiyoguswa ila kwa saini tatu. Wawili hawajalipa hata shilingi hadi leo.

Kazi ya kibaraza cha ghorofa ya tatu niliifuatilia mwenyewe. Mafundi walilivunja zege mpaka nyuma ya nondo, wakaisugua nondo mpaka ikang'aa, wakakata zilizoliwa na kuunganisha mpya, wakazipaka dawa ya kuzuia kutu, ndipo wakajaza zege maalumu la kurekebishia. Kazi hiyo ilichukua siku kumi na moja. Stakabadhi ya mwaka 2020 ilikuwa ya siku moja.

Mwezi Agosti Mhandisi alirudi kuikagua. Kijana wake aligonga kibaraza chote, mlio ukawa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wale waliokuwa wamekusanyika uani wakapiga makofi kidogo, kwa haya. Yule mzee wa ghorofa ya chini aliomba apewe nyundo. Alipewa. Alianza kugonga nguzo za maegesho moja baada ya nyingine, polepole, akiwa ameinamisha sikio, na sisi tukarudi kwenye mazungumzo yetu ya gharama za paa. Baada ya muda nilimsikia akiniita.

“Katibu, hebu njoo usikie hapa.”

Niliipekua ripoti nikiwa nimesimama pale pale. Mahali hapo hapakuwamo. Nikachukua chaki nyekundu, nikapazungushia mstari, na kuandika daftarini: nguzo ya nne, upande wa mita ya maji, kimo cha kiuno.